Marashi Yangu, Pua ya Mwingine

Kikao kilikuwa kimeingia saa ya tatu. Madirisha yamefungwa, kila mtu anachungulia saa yake kwa kujificha. Dada aliyekaa kushoto kwangu akaniinamia, nikajua anataka kuniuliza hawa watu watatuachia saa ngapi.

"Samahani dada, umejipulizia nini leo? Tangu asubuhi nasikia harufu fulani hivi, sijui mbao, sijui maua. Nzuri kweli."

Nikajinusa kifundo cha mkono. Nikavuta ukosi wa blauzi, nikanusa.

Hakuna kitu.

Kwangu mimi yale marashi yalikuwa yameshakufa hata kabla kikao hakijafunguliwa. Nikamtajia jina, akaliandika kwenye simu, tukarudi kwenye ajenda. Ila tangu siku ile, wiki zinapita, na kila nikiishika ile chupa swali ni lile lile: ninayenunua ni mimi, ninayejipulizia ni mimi, sasa anayefaidi ni nani?

## Chupa yenyewe

Si marashi ya ajabu. Ni ya lile kundi ambalo boksi lake huandikwa kwamba ni mepesi, ya maua, yana mti ndani yake, na ni ya kike. Mnayajua. Kioo cheupe au cha waridi hafifu, kifuniko cha rangi ya fedha. Juu, yaani harufu ya mwanzo, kuna limau au bergamoti, tunda la jamii ya chungwa; katikati yasmini au pioni; chini, yaani inayobaki mwisho, mwerezi, msandali na miski.

Wanaojiona wajuzi wa manukato huyadharau. Wanasema hayana uthubutu, ni marashi ya kumnunulia mtu usiyemfahamu vizuri. Mimi siko upande wao. Kutengeneza harufu isiyomkera mtu asubuhi ndani ya lifti iliyojaa, na bado ikawa na sura yake, ni kazi ngumu kuliko kumwaga udi na vanila mpaka mtu apige chafya.

Lakini tangu kile kikao nimeanza kuyatazama kwa jicho lingine.

## Dakika zinazouza

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye rafu ya marashi, kizuri kina dakika chache tu za kujiuza, na watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Unapuliza. Spiriti inaupoza mkono, kisha linakuja lile wimbi la maganda ya matunda jamii ya chungwa, kali, linalong'aa, kama vile mtu amefungua dirisha. Unatabasamu. Unanusa tena. Muuzaji anakuona umetabasamu, mambo yamekwisha.

Sasa uliyemtabasamia ni nani? Ni limonini, molekuli inayotawala harufu ya ganda la chungwa na limau. Uzito wake wa molekuli ni 136. Linalooli, inayopatikana kwenye bergamoti na kwenye maua mengi, ni 154. Hizi ni nyepesi, zinaruka upesi. Kuruka kwake ndiko kunakozifanya zionekane changamfu, na ndiko kunakozimaliza. Zile nzito zinabaki nyuma. Hedione, ambayo ndiyo hewa ya yasmini kwenye marashi mengi ya siku hizi, ina 226. Iso E Super, yenye harufu ya mti, 234. Galaxolide, miski ya maabara inayonukia nguo safi, 258. Uzito peke yake hausemi kila kitu, maana namna molekuli zinavyoshikana nayo ina neno lake, lakini kwa kundi hili la marashi mpangilio unafuata hivyo hivyo: limau linaaga, ua linakaa kidogo, mti unabaki na nyumba.

Kwa hiyo dukani tunapigia kura kitu kitakachoondoka kabla hatujafika nyumbani. Tunachokwenda kuishi nacho kutwa nzima hatujakinusa.

Nilipolifikiria hili mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nikaona ni ujanja wa biashara. Baadaye hasira ikapungua. Mtunga manukato hawezi kuibadili limonini isiruke. Anachoweza ni kuchagua nguvu zake aziweke wapi, na kama mnunuzi anaamua kwa dakika za mwanzo, basi nguvu na fedha zitakwenda huko. Tunaowafundisha hivyo ni sisi wenyewe kila tunaponusa na kulipa papo hapo.

## Maua ambayo hakuna aliyeyakamua

Sehemu ya katikati nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayopewa nafasi kubwa kwenye matangazo.

Waridi linakamulika. Inahitajika kiasi cha tani 3 hadi 5 za petali kupata kilo 1 ya mafuta yake, lakini linakamulika. Yasmini nayo inatoa harufu yake kwa kiyeyusho, kimiminika kinachoinyonya kutoka kwenye ua. Pioni haikubali. Lilaki haikubali. Frisia haikubali. Na yale maua madogo meupe yenye umbo la kengele, ambayo Wafaransa huyaita muguet na ambayo yamo karibu katika kila marashi mepesi ya kike, hayajawahi kutoa mafuta ya kufaa biashara.

Kinachowekwa badala yake ni picha ya ua. Mtunga manukato Edmond Roudnitska, alipokuwa akitunga Diorissimo, marashi ya Dior yaliyotoka mwaka 1956, aliyapanda maua hayo bustanini mwake ili ayanuse yakiwa hai, kisha akaijenga harufu yake kwa viungo vingine kabisa. Kwa miaka mingi kiungo kimoja kilichosaidia wengi kuchora picha hiyo kiliitwa Lilial. Tangu tarehe 1 Machi 2022 Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ya wasiwasi kuhusu afya ya uzazi. Fomula nyingi zikabidi ziandikwe upya. Kama una marashi uliyoyapenda miaka mingi na umekuwa ukiapa kwamba yamebadilika, huenda pua yako haikusingizii.

Mimi hilo la maua ya kuchora halinisumbui. Picha nzuri ni nzuri. Lililokuwa linanisumbua liko chini zaidi.

## Mti

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu.

Boksi likikwambia mwerezi, mara nyingi mafuta yake ni ya mti unaoitwa mwerezi wa Virginia, ambao kwa wataalamu wa mimea si mwerezi hata kidogo, ni Juniperus virginiana, wa jamii nyingine. Harufu yake unaijua bila kujua kwamba unaijua: mti huo ulitumika sana kutengenezea penseli. Ukichonga penseli nzuri ya zamani, lile vumbi kavu, tamu kwa mbali, lenye ukali kidogo wa kupanda puani, ndilo hilo.

Msandali ni habari nyingine. Mafuta ya msandali mweupe, Santalum album, yanatoka kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo anayeyataka haukati mti, anaung'oa. Na kiini hicho kinataka miaka mingi kukomaa. Mti wenyewe una tabia ya ajabu: mizizi yake hujiunganisha na mizizi ya mimea jirani ikanyonya sehemu ya chakula chake huko. Huwezi kuupanda peke yake ukatulia. India ilivunwa mno mpaka bei zikawa za kutisha, Australia ikaanzisha mashamba makubwa, na maabara zikaja na msandali wao, kama Javanol na Ebanol. Marashi ya bei ya kawaida yakiandikwa msandali, mara nyingi ni hao wa maabara. Sioni ubaya, hasa nikimfikiria yule mti unaong'olewa.

Halafu kuna Iso E Super.

Ilipatikana mwaka 1973 kwenye maabara za kampuni ya IFF ya Marekani, na leo imo kwenye marashi mengi kuliko watu wanavyodhani. Si mwerezi, si msandali. Ni kitu laini, kikavu, kinachofanana na kumbukumbu ya mbao zaidi ya mbao zenyewe. Mwaka 2006 mtunga manukato Geza Schoen alitoa Molecule 01, chupa ambayo ndani yake hakuna harufu nyingine ila hiyo moja. Wako walioona ni utani. Ikauzika sana.

Rafiki yangu anayo. Nikamwomba.

Nilipuliza kwenye kikaratasi, nikasogeza puani, nikavuta. Spiriti, basi. Nikasubiri ikauke, nikavuta tena kwa nguvu. Bure. Nikamwangalia rafiki yangu, akacheka, akasema, "Iache. Ukiitafuta haiji." Nikaweka kikaratasi juu ya meza tukaendelea na maongezi yetu, na katikati ya sentensi, bila kutarajia, mti ukapita. Nikakirukia kikaratasi. Hamna. Dakika kadhaa baadaye ukapita tena, safari hii ukanikuta nimesimama mbali na meza.

Watu wengi walioinusa husimulia hivyo hivyo, inakuja na kuondoka. Tena kinachouzwa kama Iso E Super ni mchanganyiko wa isoma kadhaa, yaani molekuli zenye atomi zile zile zilizopangwa tofauti, na ile yenye harufu kali kuliko zote imo kwa kiasi kidogo tu.

Hapo nikaanza kuelewa kile kikao.

## Yaliondoka, au niliondoka mimi?

Pua ina desturi ya kuacha kuripoti kitu kisichobadilika. Harufu ikikaa pale pale, seli zinazoipokea hupunguza ishara zake na ubongo nao huacha kuijali, ili ukiingia moshi au chakula kilichooza uusikie mara moja. Ni mpango mzuri kwa kiumbe anayetaka kuishi. Kwa mtu aliyelipia marashi ni hasara.

Nikaamua kupima kwa njia ya kienyeji. Nilipuliza kwenye skafu, nikaifungia kabatini, nikaondoka bila kujipulizia chochote mwilini. Jioni nilipofungua mlango wa kabati nilikutana nayo uso kwa uso: mti, miski, na yasmini kwa mbali, vyote vimetulia. Limau tu ndilo lililokuwa limekwenda zake.

Marashi hayakuwa yanakufa. Pua yangu ndiyo iliyokuwa inajitoa.

Lakini hilo halikunitosha, kwa sababu kuna marashi mengine nayasikia mwilini mwangu mpaka naoga. Kwa nini haya tu yananikimbia? Hapo ndipo jambo la pili linapoingia, na kwangu ndilo lililogeuza hadithi.

Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walichapisha mwaka 1991 ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu tuna aina karibu 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na si sote tuna seti moja. Mfano ulio wazi sana ni beta-ayononi, molekuli ya harufu ya ua la urujuani: tofauti ndani ya jeni moja, OR5A1, inatosha kumfanya mmoja asikie ua tamu na mwenzake asisikie ua hilo kabisa, au asikie kitu kichachu kisichompendeza. Miski za maabara nazo zina sifa hiyo. Wapo watu wenye pua nzima kabisa, wanaosikia kahawa na kitunguu bila shida, ambao Galaxolide kwao ni hewa tupu.

Sasa panga vipande. Marashi mepesi ya maua na mti yanajengwa juu ya limau linaloruka, ua la kuchora, na chini yake Iso E Super na miski. Yaani sehemu inayodumu ndiyo ile ambayo pua za wengi huipoteza, kwa mazoea au kwa kuzaliwa. Kuna aina za manukato ambazo mvaaji na jirani yake wanasikia kitu kinachokaribiana. Hii si mojawapo. Hapa mvaaji hupata dakika za mwanzo, jirani hupata mchana kutwa.

Nilimpa mdogo wangu ile skafu bila kumwambia kitu. Akanusa, akasema, "Hii ni sabuni, halafu kuna kabati jipya." Mimi sabuni siisikii. Nimejaribu tena na tena, kabati jipya ninalo, sabuni sina. Kwa hiyo marashi niliyoyavaa muda wote huu nayajua nusu yake.

## Na hilo neno "ya kike"

Niliposema haya mbele ya marafiki, mmoja akauliza, kama kinachobaki ni mti, si basi ni marashi ya kiume?

Swali zuri, ila historia inalichekesha. Chanel walikuwa na Bois des Îles mwaka 1926, msandali kwa wanawake, wakati ambapo bibi zetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Mwaka 1992 Shiseido walitoa Féminité du Bois, mwerezi umewekwa mbele kabisa na jina lenyewe linasema ni la mwanamke. Mwaka huo huo ikatoka L'Eau d'Issey ya Issey Miyake, ya maua yenye maji maji. Ukiniuliza mimi, haya marashi ya leo ni watoto wa ndoa ya hizo chupa mbili.

Na hewa ya yasmini, Hedione, inayofanya ua lionekane lina nafasi ya kupumua? Ilipata jina kupitia Eau Sauvage ya Dior ya mwaka 1966, marashi ya kiume, kazi ya yule yule Roudnitska wa maua ya kengele. Diorella, ya Dior pia lakini ya kike, ilifuata mwaka 1972. Kwa hiyo kwenye chupa hii yenye kifuniko cha fedha, ua limetokea kwa wanaume na mti una karibu miaka mia kwa wanawake. Boksi liandike linachotaka.

## Ugumu uliobaki

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo moja silipendi.

Kama siyasikii marashi yangu, nitajuaje nimejipulizia kiasi gani? Kwa muda mrefu kipimo changu kilikuwa pua: nikisikia yamepungua, naongeza. Mchana naongeza tena. Yule dada alisema ni nzuri, na namshukuru, lakini ndani ya chumba kile tulikuwa wengi. Anayeumwa kichwa kwa miski hatakuinamia na kukuuliza jina la marashi. Atasogeza kiti tu, au ataomba dirisha lifunguliwe, na wewe utadhani ni joto.

Nimepunguza. Napuliza asubuhi, basi, chupa inabaki nyumbani. Na nimemwomba mwenzangu ninayekaa naye karibu kazini aniambie wazi siku ikizidi. Mwanzoni aliona aibu, "Dada bwana, mimi nitakwambiaje kitu kama hicho?" Sasa ameshazoea. Siku nyingine ananionyesha kidole gumba kutoka mezani kwake kabla sijavua mkoba.

Namna ya kuchagua nayo imebadilika. Napuliza kwenye kikaratasi, naandika jina kwa kalamu, nakitia mkobani, naondoka dukani bila kutoa uamuzi wowote. Jioni nakinusa. Asubuhi yake nakinusa tena, maana hapo ndipo mti unakuwa peke yake na hauna limau la kujificha nyuma yake. Kisha nampa mtu mwingine anuse, aniambie mimi ninavaa nini. Wauzaji hawaipendi sana njia hii.

Chupa yangu inakaribia kuisha na vikaratasi viwili vimebaki mezani. Kimoja mwanzo wake ni mzuri mno, bergamoti na frisia, halafu kinaninyamazia kabisa huku mdogo wangu akisema kinanukia mpaka kesho yake. Kingine kinaanza vibaya, ua limebanwa, limau la kusuasua, na dakika kumi za kwanza unaweza hata kukitupa. Ila msandali wake nausikia mwenyewe, mkononi mwangu, mpaka nazima taa.

Nimechukua hicho cha pili.